Umeiona posti ya kijiji cha Uswizi kinacholipa watu wahamie? Soma hapa kabla hujatuma pesa

Posti hiyo umeiona. Kama si TikTok, basi ni kwenye grupu la WhatsApp la familia, imetumwa na yule mjomba anayeamka saa kumi na moja alfajiri kusambaza habari. Picha ya nyumba za mbao kwenye mlima, theluji juu ya paa, halafu maneno makubwa: kijiji cha Uswizi kinalipa mamilioni ukikubali tu kwenda kuishi huko.

Chini yake komenti zinamiminika. "Niko tayari." "Nitumieni fomu." "Pasipoti iko mfukoni, wapi pa kusaini?" Watu wanacheka, lakini si wote wanaotania. Na katikati ya vicheko hivyo kuna mmoja asiyecheka hata kidogo. Ameacha nambari ya simu na maneno mawili: "Njoo inboksi."

Binamu yangu alienda inboksi. Aliambiwa nafasi ni chache, atume Sh12,000 za "usajili" kabla jioni. Alituma. Ile nambari haijashikwa tena hadi leo.

Kinachouma ni kwamba kijiji chenyewe kipo. Kinaitwa Albinen. Pesa nazo zipo, si uongo. Ndiyo maana posti hii haifi: kila baada ya miezi kadhaa inafufuka ikiwa na picha mpya. Uongo mtupu ungekuwa umeshachoka. Huu una ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio chambo.

Basi twende Albinen, mimi na wewe, bila viza. Tuone kiko wapi, kina nani, na ile pesa walikusudia kumpa nani.

Mlima ulio chini ya Nairobi

Uswizi imegawanywa katika majimbo 26 yanayoitwa kantoni. Albinen iko katika kantoni ya Valais, kusini-magharibi mwa nchi, ambayo wanaozungumza Kijerumani huiita Wallis. Ni eneo la milima ya Alps lililokatwa katikati na bonde refu la mto Rhone. Reli inapita bondeni, viwanda viko bondeni, miji iko bondeni. Vijiji vimening'inia pembeni, huku na huku.

Ukishuka treni katika stesheni ya Leuk, uko zaidi kidogo ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Hapo unapanda basi. Huko mabasi hubeba abiria hadi vijiji ambavyo treni haifiki. Linapanda kona baada ya kona hadi karibu mita 1,300. Hapo ndipo Albinen.

Sasa fikiria kitu kimoja. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba wewe uliyekaa kwenye keja yako Umoja uko juu zaidi kuliko hicho kijiji cha mlimani ulichokuwa unakiota. Tofauti ni kwamba sisi tuko karibu na ikweta, wao wako mbali nayo. Huko mita 1,300 zinatosha kabisa kuleta theluji.

Hata hivyo, Valais si baridi tupu. Milima mirefu iliyoizunguka huzuia mawingu, na hivyo ni mojawapo ya sehemu kavu zaidi Uswizi. Jua lipo, mvua ni chache. Kwa karne nyingi wakulima wa huko wamechimba mifereji kwenye miteremko mikali kuleta maji ya theluji inayoyeyuka hadi mashambani, na kupangiana zamu za maji. Kama umewahi kufika Bonde la Kerio ukaona mifereji ya Wamarakwet, umeshaelewa. Watu wawili wasiojuana, tatizo moja, jibu moja.

Ukavu huo una upande wake mbaya. Mnamo Agosti 2003, wakati Ulaya ilipokuwa ikichomeka kwa joto, moto uliteketeza takriban hekta 300 za msitu kwenye mteremko ulio juu ya mji wa Leuk. Mlima unaopendeza kwenye picha unaweza pia kuwaka.

Nyumba za Albinen zimebanana. Ni za mbao, na jua la miaka mingi limezichoma hadi zikawa nyeusi tii. Ukiziona unajiuliza: ardhi yote hii, kwa nini wajenge kama wanagombania nafasi? Jibu ni rahisi. Kwenye mteremko, kipande kinacholimika ni mali. Hukipotezi kwa kujengea nyumba.

Angalia pia maghala ya zamani ya nafaka ya Valais. Yamesimama juu ya miguu, na kati ya kila mguu na sakafu kumewekwa jiwe bapa la mviringo. Kazi yake? Panya akipanda mguu, anafika kwenye jiwe na kukwama. Bibi yako wa ushago aliyeinua ghala lake la mahindi juu ya vigingi angeitambua akili hiyo mara moja.

Ngazi nane kwenye jabali

Kabla ya barabara, watu wa Albinen walikuwa na shida. Kijiji jirani, Leukerbad, chenye chemchemi za maji moto zinazovutia wageni tangu zamani, kiko upande wa pili wa jabali. Njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu. Kwa hiyo wakaegemeza ngazi za mbao kwenye mwamba, moja juu ya nyingine, nane kwa jumla, na wakawa wanapanda na kushuka.

Hawakuwa watalii waliovaa kamba na kofia ngumu. Walikuwa watu wa sokoni. Mwandishi Mmarekani Mark Twain, aliyepita Leukerbad mwaka wa 1878, alieleza katika kitabu chake cha safari cha 1880 jinsi alivyowaona wanaume kwa wanawake wakipanda ngazi hizo wakiwa na mizigo mizito mgongoni. Yeye hakupanda. Kwa mzaha wake wa kawaida, aliandika kwamba alimtuma mwenzake.

Ngazi hizo bado zipo. Siku hizi wanaozitumia ni wapenda matembezi ya milimani, wengi wao wakitafuta picha. Barabara ilipokuja, mzigo ukahamia kwenye gari.

Barabara, hata hivyo, huenda pande zote mbili. Inayoleta unga dukani ndiyo hiyo hiyo inayompeleka kijana mjini.

Watu 240, shule sifuri

Mwaka wa 2017 Albinen ilikuwa na wakazi wapatao 240. Matatu nane za viti 33 zingewabeba wote na viti vingebaki. Kuna ploti Pipeline zenye watu wengi kuliko hao.

Kilichowatisha si idadi tu, ni umri. Vijana walikuwa wakiondoka kutafuta kazi na maisha mepesi bondeni na mijini. Familia tatu zilihama ndani ya kipindi kifupi, zikaenda na watoto wanane. Kwa shule ya Nairobi, watoto wanane ni wale waliochelewa asubuhi. Kwa Albinen ilikuwa pigo la mwisho: shule ikafungwa. Watoto waliobaki wakawa wanapanda basi kushuka kusoma nje ya kijiji.

Ukifunga shule, unajua kinachofuata. Mzazi kijana anayetafuta mahali pa kuishi anauliza swali la kwanza, "Shule iko wapi?" Akisikia hakuna, haji. Asipokuja, watoto hawaongezeki. Wasipoongezeka, shule haifunguliwi.

Hapo sasa kuna jambo linaloshangaza wengi. Nyumba zenyewe hazikosekani. Katika vijiji vingi vya Alps, nyumba ni za watu wa mijini wanaokuja wiki chache za likizo, kuteleza kwenye theluji au kupumzika kiangazi. Siku nyingine zote madirisha yamefungwa. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mnamo Machi 2012 Waswizi walipiga kura ya taifa na kukubali kwamba nyumba za likizo zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika wilaya yoyote ndogo. Nyumba yenye taa usiku wa Januari ndiyo inayohesabika huko.

Na kazi? Si kwamba Valais haina. Chini bondeni kuna mji wa Visp wenye kiwanda kikubwa cha kampuni ya Lonza, kile kilichotengeneza kiungo kikuu cha chanjo ya Moderna wakati wa korona. Tangu 2007 kuna njia ya reli ya chini ya ardhi inayopenya milimani na kufanya safari ya Visp hadi jiji kuu la Bern kuwa ya saa moja hivi. Kwa hiyo mtu anaweza kulala mlimani na kufanya kazi bondeni. Lakini lazima apende kulala mlimani.

Lugha nayo ni mtihani. Albinen wanazungumza Kijerumani cha Valais, lahaja ambayo hata Waswizi wa Zurich huikunjia uso. Ukisafiri kidogo kufuata mto kuelekea magharibi, unavuka msitu wa Pfyn na ghafla kila mtu anazungumza Kifaransa. Bonde moja, kantoni moja, lugha mbili. Kile Kijerumani ulichojifunza kwenye programu ya simu kwa siku thelathini, ukifika huko utakiomba radhi.

Kura ya Novemba 30

Wakazi waliona kijiji kinazimika wakaamua kufanya jambo. Uswizi, kijiji huamua mambo mengi yenyewe kwenye mkutano wa wananchi. Mnamo Novemba 30, 2017 watu wa Albinen walikutana na wengi wao wakapitisha mpango huu: kila mtu mzima atakayehamia apewe faranga 25,000, na kila mtoto faranga 10,000.

Piga hesabu. Baba, mama na watoto wawili ni faranga 70,000. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati huo, hizo ni takriban Sh7.3 milioni. Hapo ndipo posti inaishia, na hapo ndipo mjomba wako anabonyeza kitufe cha kutuma.

Sasa soma yaliyoandikwa baada ya hapo.

Kwanza, uwe na umri chini ya miaka 45.

Pili, ununue, ujenge au ukarabati nyumba hapo hapo kijijini, ya thamani isiyopungua faranga 200,000. Wakati huo hizo zilikuwa kama Sh21 milioni. Yaani kabla ya kupewa milioni saba, uwe umeshatoa ishirini na moja.

Tatu, nyumba hiyo iwe ndiyo makao yako ya kudumu. Ya likizo haihesabiki.

Nne, uishi hapo miaka kumi. Ukiondoka kabla, unarudisha pesa.

Tano, na hili ndilo linalotuhusu sisi: kama si raia wa Uswizi, uwe na kibali cha ukaaji cha daraja la C. Hicho ndicho kibali cha kudumu. Kwa kawaida, Mkenya hukipata baada ya kuishi Uswizi kihalali kwa miaka kumi.

Weka hayo pamoja. Tuseme umeingia Uswizi leo kihalali, una miaka 30, una kazi. Utapata kibali cha C ukiwa na 40. Utanunua nyumba haraka kabla hujafika 45. Kisha utakaa Albinen hadi miaka 50 au zaidi. Huo ni mpango wa miaka ishirini. Binamu yangu aliambiwa alipie kabla jioni.

Kumbe kijiji hakikuwa kinamtafuta mtu wa mbali asiye na kitu. Kilikuwa kinamtafuta fundi wa Visp, mwalimu wa Leuk, wenzi wenye watoto wadogo ambao tayari wako Uswizi, tayari wana kipato, na wanasitasita tu kati ya bonde na mlima. Ile pesa ilikuwa ya kuwasukuma kidogo. Walichotaka kupata ni miaka kumi ya maisha ya mtu, na kelele za watoto asubuhi.

Habari ilipozagaa duniani bila masharti yake, maombi yalimiminika Albinen kutoka kila pembe. Ofisi ya kijiji cha watu 240 ikajikuta inalazimika kueleza ulimwengu mzima kwamba wamemwelewa vibaya. Wengi wa walioandika hawakuwa wezi wala wazembe. Walikuwa watu kama wewe na mimi, wanaosoma kichwa cha habari na kutumaini.

Mgeni wa Leukerbad

Kuna jambo moja zaidi ambalo posti haitakuambia: maisha ya kuwa wewe, mahali kama hapo.

Rudi kwenye zile ngazi, vuka hadi Leukerbad. Mwaka wa 1951 alifika hapo mwandishi Mmarekani mweusi, James Baldwin, akiwa bado kijana wa miaka 20 na ushei. Familia ya rafiki yake Mswizi ilikuwa na nyumba kijijini, naye alitaka utulivu amalize riwaya yake ya kwanza. Kijiji kilikuwa na watu kama 600. Kwa anavyosimulia, hakuna aliyewahi kumwona mtu mweusi hapo kabla yake.

Watoto walimfuata barabarani wakimwita kwa rangi yake. Watu walimgusa nywele, walimgusa mkono kuona kama rangi inatoka. Hawakuwa na ubaya, na yeye alilijua hilo. Lakini kutokuwa na ubaya hakukumfanya awe mtu kama wengine.

Kisha kuna jambo hili, na ukilisoma mara ya kwanza unaweka simu chini. Kila mwaka kanisani kulikuwa na mchango wa kuwasaidia wamisionari Afrika. Mke wa mwenye mkahawa akamwambia Baldwin kwa furaha ni Waafrika wangapi kijiji "kimewanunua" mwaka uliotangulia, maana yake roho zilizookolewa kwa sadaka ile. Sita au wanane hivi. Alidhani anampa habari njema.

Baldwin aliandika insha kuhusu majira hayo, ikachapishwa mwaka wa 1953 katika jarida la Harper's, na hadi leo inasomwa vyuoni. Riwaya yake pia aliimaliza huko. Kwa hiyo mlima ulimpa alichoendea. Lakini haukumpa kwao.

Hiyo ni zamani, na Leukerbad ya leo hupokea wageni wa kila rangi kwenye mabwawa yake ya maji moto. Sikuambii usiende majuu. Wako Wakenya wanaoishi Uswizi vizuri, wamesoma, wanafanya kazi, wana familia. Waulize walifikaje. Utasikia habari za chuo, mkataba wa kazi, ndoa, miaka ya kujifunza lugha. Hutasikia habari za fomu ya inboksi.

Kabla hujabonyeza

Sasa posti ikirudi, na itarudi, labda safari hii ikiwa na kijiji cha Italia na nyumba ya yuro moja, jiulize maswali matatu. Pesa hiyo ni ya mtu aliye wapi tayari? Anatakiwa atoe nini kwanza? Na mbona anayekuletea habari ndiye anayetaka kulipwa?

Kijiji kinachotafuta watu hakimtozi mtu ada ya usajili kupitia nambari ya Nairobi. Ukitaka kujua masharti, nenda kwenye tovuti ya wilaya yenyewe. Mambo ya viza ni ya ubalozi, si ya mtu wa komenti.

Kwa mjomba wako, usimcheke kwenye grupu. Mwenzako mmoja humo ameshaanza kuhesabu akiba yake kimyakimya, kama binamu yangu alivyofanya. Nakili hii umtumie:

"Mjomba, shikamoo. Kijiji kipo, kinaitwa Albinen, na pesa ni za kweli. Lakini ni za mtu ambaye tayari ana kibali cha kudumu cha Uswizi, hajafika miaka 45, ana faranga 200,000 za nyumba, na yuko tayari kukaa huko miaka kumi. Hakuna fomu inayouzwa Kenya. Yeyote humu aliyeombwa pesa asitume. Na kama ameshatuma, asione haya, atuambie tujue nambari hiyo."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiondoe. Binamu yangu alikaa miezi minne bila kumwambia mtu. Katika miezi hiyo, watu wengine wawili mtaani kwetu walipiga nambari ile ile.